Nimeambiwa nina tatizo la histamini: je, niache matunda?

*"Habari daktari. Nina miaka 36, naishi Umoja na nafanya kazi ya uhasibu mjini. Tangu mwezi wa tano, nikila, uso na shingo vinawaka moto, pua inaziba, moyo unakwenda mbio na kichwa kinaniuma upande mmoja. Siku nyingine natokwa na vipele vya kuwasha mikononi. Si kila siku, wala si chakula kilekile. Nilipimwa mzio kwa kuchomwa ngozi ya mkono, hakikuonekana kitu. Rafiki yangu aliye ng'ambo akasema hiyo ni histamini, akanitumia orodha ya vyakula vya kuacha. Karibu matunda yote yamo: machungwa, ndizi, nanasi, papai, ovakado, stroberi. Mimi ndiye mtu wa matunda nyumbani kwetu. Kila siku saa sita nilikuwa nanunua mkebe wa matunda ya kukatwa. Sasa nimebaki na matufaha na tikiti maji tu, hii ni wiki ya saba, na tumbo linajaa gesi kuliko zamani. Nimepungua kilo 5. Uso bado unawaka, hasa usiku baada ya chakula, ambacho mara nyingi ni omena au samaki niliyempika Jumapili. Dawa ninayotumia ni moja tu, ile ya kuzuia kifua kikuu niliyoanzishwa mwezi wa nne mume wangu alipopatikana na ugonjwa huo, kidonge kimoja kila siku pamoja na kingine cha vitamini. Mama anasema najizushia. Naomba unijibu: kuna tunda ninaloweza kula bila hofu?"*

Yapo, dada yangu, tena mengi kuliko hayo mawili uliyobakiwa nayo. Na pole sana kwa kuuguza nyumbani huku mwili wako nao unakusumbua. Nadhani mama anasema unajizushia kwa sababu dalili zako hazina mpangilio: leo samaki amekudhuru, juzi alikupita salama. Lakini huko kukosa mpangilio ndiyo tabia yenyewe ya shida hii, na nitakueleza kwa nini. Mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari, kwa hiyo kuna mahali nitakurudisha kwa daktari. Mahali pa kwanza ni hapa hapa, kabla ya kugusa tunda lolote.

Kilo 5 kwa wiki saba ni nyingi. Inawezekana kabisa zimeondoka kwa sababu unakula kwa hofu. Watu wengi wanaokuja kwangu na orodha kama yako huja wakiwa wamekonda. Lakini wewe unaishi nyumba moja na mtu aliyepatikana na kifua kikuu. Mtu wa namna hiyo akipungua uzani, hatutafuti sababu kwenye sahani kabla hajaangaliwa kifua, hata kama anameza dawa ya kuzuia. Rudi wiki hii kwenye kliniki iliyokupa vidonge. Waambie uzani uliokuwa nao na ulio nao sasa, na useme kama una kikohozi, homa za jioni au jasho la usiku. Yaelekea watakukuta salama. Hata hivyo ningependa tuzungumze juu ya machungwa tukiwa tumeshajua hilo.

Sasa histamini yenyewe. Wengi hunijia wakidhani ni sumu iliyojificha kwenye chakula. Sivyo. Mwili wako unaitengeneza kila siku. Tumboni inaamsha asidi ya kusaga chakula, ubongoni inakuweka macho, na kwenye ngozi, pua na utumbo imewekwa akiba ndani ya seli za kinga. Ukiumwa na nyuki, ule uvimbe mwekundu unaowasha ni kazi yake. Kwa mwenye mzio, kinga huwa imekiweka chakula fulani kwenye hesabu ya maadui, kwa hiyo kikiingia seli hizo hufunguka na kumwaga akiba yao. Kipande kidogo tu hutosha, na hutokea karibu kila anapokila. Hicho ndicho kilichotafutwa mkononi mwako kisipatikane. Kwa vyakula vilivyopimwa, basi, mzio wa aina hiyo hauelekei kuwa ndio unaokusumbua.

Kutovumilia histamini ni jambo jingine. Hapa histamini haitoki kwenye seli zako, inaingia kwa mdomo ikiwa imeshatengenezwa. Protini ya nyama na samaki ina kijenzi kiitwacho histidini. Bakteria wakipata muda na joto huigeuza histidini kuwa histamini, na kadiri chakula kinavyokaa ndivyo inavyozidi. Ikishatengenezwa haiondoki: kuchemsha hakuiui, kukaanga hakuiui, wala kuganda kwenye friza. Samaki mwenye histamini nyingi anaweza asinuke wala kuharibika ladha.

Kwenye utumbo mwembamba tunacho kimeng'enya cha kuivunja histamini kabla haijapenya kwenye damu. Kinaitwa DAO. Mfikirie huyu DAO kama soja wa geti la ploti yenu. Wageni wawili watatu wakija, atawahoji na kuwarudisha. Wakija arobaini kwa mpigo, baadhi watapita. Na soja mwenyewe akiwa mgonjwa, hata watano watamshinda. Ndiyo maana samaki akitoka sufuriani Jumapili hana neno, na Jumatano samaki huyohuyo anakuwasha uso. Geti ni lilelile, wageni ndio walioongezeka. Wako pia wanawake ambao shida zao za namna hii hupungua wakiwa wajawazito kisha zikarudi baada ya kujifungua. Kondo la nyuma hutengeneza DAO kwa wingi, soja mmoja anakuwa kikosi kizima.

Niwe mkweli kwako hapa: sayansi ya jambo hili haijatulia. Mwongozo ambao madaktari wa mzio wa nchi za Kijerumani waliutoa mwaka 2017 unasema hakuna kipimo cha maabara, hata cha kupima DAO kwenye damu, kinachotosha peke yake kumwambia mtu kwamba ana shida hii. DAO ya kwenye damu haikuelezi vizuri kinachoendelea ndani ya utumbo. Ukikutana na maabara inayokuuzia kipimo cha damu cha vyakula mia kwa kutumia kingamwili za IgG, hifadhi pesa zako. Kingamwili hizo huonyesha tu ulichozoea kula.

Sasa turudi kwenye sentensi uliyoiandika karibu na mwisho, kama mtu anayepita njia. Kidonge kimoja cha kuzuia kifua kikuu kila siku, pamoja na kingine cha vitamini, mara nyingi huwa ni isoniazidi na vitamini B6. Angalia pakiti ulithibitishe jina. Isoniazidi ni dawa nzuri inayookoa maisha, ila ina tabia moja ambayo watu wachache huambiwa: inaizuia DAO kufanya kazi. Humfunga soja mikono. Si uvumi huu, umo kwenye maelezo rasmi ya dawa hiyo, yanayotahadharisha kwamba mtu akila jodari na samaki wengine wenye histamini anaweza kuumwa kichwa, kutokwa na jasho, moyo kwenda mbio, uso kuwaka na presha kushuka. Linganisha na barua yako. Ulianza dawa mwezi wa nne, uso ukaanza kuwaka mwezi wa tano, na unawaka zaidi usiku wa omena na samaki wa Jumapili.

Siwezi kuapa kwamba ndicho kisa, kwa sababu sijakuona. Lakini ningekuwa wewe ningelishika hilo kabla ya kulishika chungwa.

Tafadhali usiiache dawa. Narudia kwa sababu najua mkono unavyoweza kwenda kasi: usiiache, usiruke siku, usipunguze. Ukiugua kifua kikuu, tabu yake haiwezi kulinganishwa na uso kuwaka. Peleka hoja hii kliniki, uwasimulie dalili na saa zinapotokea, na uwaachie waamue. Huenda wakakwambia umalize miezi 6 ukiwa mwangalifu na samaki, huenda wakakubadilishia mpango. Jambo la kukukimbiza huko siku hiyohiyo ni macho kuwa ya njano, mkojo kuwa wa rangi ya chai ya rangi, au kichefuchefu kisichoisha, kwa maana hizo ni dalili za ini kulalamika juu ya dawa.

Umengoja matunda vya kutosha. Tunda bivu lililo freshi lina histamini kidogo mno, mara nyingi haihesabiki, na sababu ni rahisi. Gramu 100 za samaki zina protini gramu 20 hivi. Gramu 100 za ndizi zina gramu 1 tu. Bakteria hawana cha kugeuza. Tunda likiachwa litaoza, litachacha, litakuharisha pengine, lakini haliwezi kujaza histamini kama anavyojaza samaki aliyelala.

Kwa nini basi orodha ya rafiki yako imeyakusanya yote? Kwa sababu orodha hizo, ambazo nyingi zimeandikwa Ulaya na kunakiliwa kutoka moja hadi nyingine, zimechanganya vyakula vya aina tatu kwenye gunia moja. Vipo vyenye histamini kweli: samaki, soseji, jibini ya kukomaa, mvinyo, na katika mimea spinachi, biringanya na nyanya. Vipo visivyo na histamini ila vina ndugu zake. Machungwa, balungi na ndizi vina putresini, ambayo huvunjwa na DAO huyohuyo. Putresini haikuwashi, lakini inasimama kwenye foleni ileile ya geti, na soja akishughulika nayo histamini ya samaki inapenya. Kwa hiyo chungwa peke yake saa nne asubuhi, na chungwa hilohilo baada ya sahani ya omena, ni mambo mawili tofauti. Hilo ndilo ningependa ulikumbuke kuhusu machungwa na ndizi: tazama limekuja na nani.

Aina ya tatu ni yale yanayosemwa kwamba huziamsha seli za mwili zimwage histamini yake: stroberi, nanasi, papai, na machungwa tena. Hapa ushahidi ni mwembamba sana. Dai hilo limerudiwa kwa miongo mingi, lakini namna tunda hilo lingefanya kazi hiyo ndani ya mwili wa binadamu haijathibitishwa. Siwakanushi watu wanaosema stroberi inawawasha. Ninachokataa ni mtu kunyimwa papai maisha yake yote kwa sababu ya neno lililonakiliwa.

Ovakado nayo, orodha moja inaikataza, nyingine inairuhusu. Ovakado ya Murang'a iliyoiva jana, ukaikata leo ukaila leo, sioni sababu ya kuiogopa kabla hujaijaribu.

Kuna tunda moja ambalo hukulihesabu hata kidogo, nalo ni nyanya. Wataalamu wa mimea huliita tunda, sisi tunaliita mboga, na Nairobi hakuna sufuria inayoanza bila kitunguu na nyanya. Omena kwa nyanya, pembeni spinachi, na kachumbari juu: sahani hiyo ina wageni wa histamini kutoka pande tatu, na wewe umekaa umeyanunia machungwa.

Sasa tumbo. Umesema linajaa gesi zaidi tangu ubaki na tufaha na tikiti, na hapo hakuna muujiza. Matunda hayo mawili yana sukari ya fruktosi nyingi kuliko glukosi, na tufaha lina pia sorbitoli, jamaa ya sukari. Utumbo huinyonya fruktosi kwa urahisi inapoongozana na glukosi. Ikiwa peke yake na nyingi, sehemu yake hubaki, ikateremka hadi utumbo mpana, na bakteria wa huko wakaichachusha. Hiyo ndiyo gesi, na kwa wengine ndiyo kuhara. Embe na peasi zina tabia hiyohiyo. Machungwa, papai na nanasi, yale uliyoyafukuza, pamoja na mapera mabivu, kwa kawaida huwa mapole zaidi upande huu. Ulikimbia histamini ukaangukia fruktosi, na kila tumbo lilipojaa ukaona ni uthibitisho kwamba matunda ni mabaya.

Kuwashwa na matunda kuna milango mingine pia. Nanasi huuma ulimi kwa sababu ya bromelaini, kimeng'enya kinachokula protini, na hata asiye na shida yoyote huuhisi ulimi ukichonyota akila vipande vingi. Mtu anayewashwa midomo na koo dakika chache baada ya kula tunda bichi, lakini akalila likiwa limepikwa bila neno, mara nyingi ana mzio wa chavua unaoyachanganya matunda na maua. Na wale wanaoshinda na glavu za mpira, wauguzi hasa, wakiwashwa na ndizi, ovakado na papai wapimwe mzio wa mpira.

Kisa cha embe nakisimulia kwa kirefu kidogo kwa sababu kilinifunza mengi. Alikuja kijana aliyekuwa akifanya kazi ya kuchuma maembe msimu wa Desemba. Kuzunguka midomo ngozi ilikuwa imepasuka, nyekundu, na matone madogo ya maji, kama mtu aliyekunywa uji wa moto kwa pupa. Alishaambiwa ana histamini na aache matunda yote. Nilimuuliza anakulaje embe. Akanionyesha kwa mikono: analibonyeza hadi lilainike, anang'ata ncha, anafyonza, kisha anayageuza maganda na kuyaparura kwa meno. Utomvu wa ganda la embe, hasa karibu na kikonyo, una mafuta yanayoichubua ngozi ya watu wengine, jamaa ya yale yaliyo kwenye ganda la korosho. Hayafanyi kazi papo hapo. Huchukua siku moja au mbili. Ngozi ilipopona, dada yake aliliosha embe, akalimenya kwa unene, akalikata vipande, naye akala kwa uma. Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu alinipigia simu akiwa ameshakula matano. Hakuwa na shida ya embe, alikuwa na shida ya ganda.

Ule mkebe wako wa saa sita nao una mambo. Siudharau; mama wengi wa mjini wameusomeshea watoto. Lakini ndani yake mna papai, nanasi, ndizi, tikiti, embe na bitiruti pamoja, na ukiwashwa hutajua umshike nani. Tena kisu ni kimoja, jua ni kali, na mkebe ukibaki mezani hadi saa kumi jioni kinachokungoja ni kuhara kwa kawaida. Kwa miezi hii miwili nunua tunda zima, lioshe, likate mwenyewe, ulile hapo hapo. Juisi iache kwanza. Glasi moja ya juisi ya machungwa ni machungwa matatu au manne yaliyoingia getini kwa dakika mbili.

Nakushauri uende hivi. Kwa siku 10 hadi 14 usiguse kwanza matunda ya orodha ya rafiki yako. Safisha chakula cha jioni. Nyama na samaki vipikwe na kuliwa siku hiyohiyo, na ukipika vingi, vikipoa tu vigandishe kwa mafungu badala ya kuviweka kwenye friji hadi Jumatano. Omena, samaki wa mkebe, soseji na smoki, mala na mursik, siki, pombe, spinachi, biringanya na nyanya ya pakiti vipumzike. Unabaki na ugali, wali, chapati, viazi, mayai, kuku freshi, maziwa freshi, maharagwe uliyoyachemsha leo, sukuma wiki, kabeji, karoti na malenge. Hiyo si adhabu. Matunda ya kipindi hiki yawe mapera mabivu na pasheni, kidogo kidogo. Gramu 100 za mapera zina vitamini C zaidi ya miligramu 200, karibu mara nne ya chungwa, kwa hiyo hutakosa kitu. Tufaha na tikiti yapumzishe kabisa, ulione tumbo linasemaje.

Kisha rudisha tunda moja moja. Ningeanza na papai: kipande cha ukubwa wa kiganja, asubuhi, tumbo likiwa na chakula chepesi, siku ambayo haina samaki. Ukiwa salama, kesho yake kula mara mbili ya hapo. Siku ya tatu usilete kipya, ngoja tu. Baada ya papai ndizi nusu, kisha chungwa, kisha nanasi, kisha ovakado, na stroberi mwishoni kwa sababu ni ghali na hutaikosa sana. Andika kwenye daftari ulichokula, saa, ulichokila pamoja nacho, na kilichotokea hadi usiku. Andika pia siku za hedhi na siku ulizolala vibaya, kwa maana wanawake wengi huona dalili zikizidi siku fulani za mwezi, na tunda huchukua lawama lisiyostahili. Usijaribu ukiwa na mafua, wala ukiwa umemeza dawa za mzio kama setirizini au Piriton, zitakuficha ukweli. Tunda likikuwasha mara moja, usilihukumu. Lipumzishe wiki, ulijaribu tena. Likikuwasha mara mbili kwa namna ileile, hilo liache, uendelee na jingine.

Ujue pia kwamba majibu utakayoyapata ukiwa bado unameza isoniazidi ni majibu ya kipindi hicho. Chungwa likikusumbua sasa, lirudie wiki chache baada ya kumaliza dawa. Huenda ukalikuta limekuwa rafiki.

Utaulizia vidonge vya DAO, maana rafiki yako atakutajia. Vipo, humezwa kabla ya chakula, na tafiti chache zilizofanywa ni ndogo, ingawa baadhi ya watu huona nafuu. Vingi vyake hutengenezwa kutoka figo za nguruwe, na hilo haliandikwi kila mara kwa herufi kubwa, kwa hiyo mwenye kujali hilo asome maandishi ya nyuma. Kwako wewe singevianza kabla ya kliniki kukuona. Dawa za kuzuia histamini zina nafasi yake siku ya vipele, lakini hazisafishi chakula, na Piriton hulewesha usingizi. Usiimeze kisha ushike hesabu za watu.

Mambo yasiyongoja daftari ni haya. Ulimi, midomo au koo kuvimba, sauti kukwama, pumzi kuwa nzito au kukoroma kifuani, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au vipele vinavyosambaa mwili mzima pamoja na kutapika. Hayo ni ya kwenda hospitali yenye huduma ya dharura iliyo karibu zaidi, usiku au mchana, na dawa yake ni sindano ya adrenalini, si tembe ya nyumbani. Wakati gari linatafutwa, mtu alale chali na miguu iinuliwe, au akae kama pumzi ndiyo inayomsumbua. Ikiwa umewahi kupatwa na mojawapo ya hayo hata mara moja ukasahau kuniandikia, basi usifanye jaribio lolote nililokueleza nyumbani. Omba rufaa kwa daktari wa mzio. Ni wachache nchini, lakini wapo, na hilo ni jambo la kumngojea. Vipele vikikutoka karibu kila siku kwa zaidi ya wiki 6, bila kujali umekula nini, mweleze daktari pia, kwa sababu huo ni ugonjwa wa ngozi unaojitegemea na chakula mara nyingi hakihusiki.

Ukienda kliniki, beba pakiti ya vidonge vyote viwili, uzani wako wa mwezi wa nne kama uliandikwa kwenye kadi, na ukurasa wa chakula cha siku tatu zilizopita pamoja na saa ulizowaka uso. Kama mama ataweza kukusindikiza, mpe nafasi asikie maelezo ya muuguzi kwa masikio yake. Na ukipita sokoni wakati wa kurudi, chagua mapera manne yaliyoanza kuwa ya manjano, yanayonukia ukiyasogeza puani.